Matangi Kumi na Mawili Yaliyofutwa

Kioo cha kisomaumri kilikuwa na ukubwa wa kijiko cha chai. Mgonjwa alikilamba mara moja, akakirudisha kwenye tundu lake, na kabla hajameza mate mashine ilikuwa imekwisha kusoma vinasaba vyake na kuhesabu alama ndogondogo ambazo maisha huziacha juu yake, kama mpini wa jembe unavyoacha sugu kiganjani. Haikuuliza ulizaliwa lini. Vyeti hughushiwa, nywele hupakwa rangi, lakini seli hazidanganyi. Ndivyo walivyosema wenye mashine.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka 2091, kwenye dirisha la tatu la Hospitali ya Bondwa mjini Morogoro, Havijawa Mloka alilamba kioo kile. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka, na miguu ilimvimba hata kandambili zilimbana. Alihitaji figo ya kuoteshwa, yaani figo mpya inayokuzwa kwa siku arobaini ndani ya kitalu cha hospitali kutokana na seli za mgonjwa mwenyewe. Vitalu vilikuwa vichache, na sheria ilikuwa fupi: mwili uliozidi miaka sabini haupewi.

“Mwili wako una miaka sabini na tisa,” ilisema mashine kwa sauti ya upole. “Ahsante kwa kutumia kisomaumri. Pumzika vema.”

Havijawa aligeuka nyuma. “Sabini na tisa? Mama yangu mzazi ana sabini na sita!”

Muuguzi wa dirishani, binti aliyeitwa Sekela, aliinamisha uso. “Pole, mama. Mfumo umekataa.”

“Mfumo ndiye nani? Mlete hapa nimwone.”

“Mama, siwezi kuubadilisha. Naruhusiwa kukupa dawa za kutuliza maumivu tu.”

Mwanamke aliyesimama nyuma ya Havijawa, akiwa amemshikia mkoba, alisogea dirishani. “Rudia kipimo,” alisema.

“Nimekwisha kukirudia mara mbili, mama. Kinatoa jibu lilelile.”

Mwanamke yule hakujitambulisha. Angejitambulisha, huenda Sekela angesimama kwa heshima, kwa sababu jina lake alilisoma chuoni. Alikuwa Dk. Sikudhani Kobelo, mtaalamu wa vinasaba na uzee, na kanuni iliyokuwa ndani ya mashine ile ilikuwa yake. Wanafunzi waliiita Mstari wa Kobelo. Na Havijawa, ambaye mashine ilikuwa imetoka kumhukumu, ndiye aliyefuga kila samaki aliyetumika kuupata mstari huo.

*

Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka thelathini na moja katika Taasisi ya Sayansi ya Uzee, chini ya milima ya Uluguru. Sikudhani alikuwa amechagua kuchunguza samaki wa madimbwi, kiumbe mdogo asiyezidi kidole, dume lake likiwa na rangi nyekundu na buluu. Huishi kwenye madimbwi ya msimu ambayo hukauka kila kiangazi. Kwa kuwa maji hayadumu, samaki huyu hana muda wa kupoteza: ndani ya wiki chache anakua, anazaa, anazeeka, mgongo unapinda, rangi inafifia, anakufa. Mayai yake hubaki kwenye matope makavu, yamelala, hata mwaka mzima au zaidi, yakisubiri mvua. Anayetaka kujua uzee unavyoingia mwilini hahitaji kusubiri miaka themanini. Kwa samaki huyu anaona maisha matatu kwa mwaka mmoja.

Havijawa aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa sababu alijua madimbwi yalipo. Alikuwa mtu wa bonde la Ngerengere. Aliweza kushika konzi ya tope kavu, akalinusa, akasema lina mayai au halina. Alizalisha viluwiluwi vya mbu vya kulishia samaki, alisafisha matangi, na alimtambua kila samaki kwa namna alivyoogelea. Kwenye karatasi za kisayansi jina lake lilitokea mara moja tu, kwa maandishi madogo, mahali pa shukrani.

Siku ile walirudi nyumbani kwa gari lisilo na dereva. Nje, roboti wa manispaa walikuwa wakikwangua vumbi kwenye mapaa ya kunasia jua. Karibu na Msamvu Havijawa alianza kusema.

“Daktari.”

“Nakusikia, Mama Shukuru,” alijibu Sikudhani, aliyemwita siku zote kwa jina la mwanawe.

“Wale samaki wa matope ya kiangazi, wale wa mwaka sitini na sita. Si na wao kipimo chako kiliwaita wazee wakiwa bado watoto?”

Sikudhani alimgeukia.

Alikumbuka vizuri. Mwaka 2066 alikuwa na matangi hamsini na mawili. Arobaini yalikuwa na samaki waliozaliwa maabara, vizazi na vizazi, katika maji safi, hawajawahi kuonja njaa. Alama za vinasaba vyao zilipanda wiki kwa wiki kwa unyoofu wa kamba ya fundi mwashi. Matangi kumi na mawili ya mwisho yalikuwa na samaki walioanguliwa kutoka kwenye tope ambalo Havijawa alilichimba baada ya kiangazi cha miaka miwili. Samaki hao waliharibu mstari wote. Wakiwa na wiki sita, alama zao zilionyesha wiki kumi na sita.

Mkurugenzi wa taasisi wakati ule, Profesa Eliamani Nnko, alikuja akaziangalia zile nukta zilizotawanyika. “Yatoe matangi haya kumi na mawili,” alisema. “Hawa si samaki wa maabara. Hizi ni kelele.”

Sikudhani alikuwa na miaka thelathini na sita, mwenye hamu ya jina. Aliyatoa. Akatia saini. Kisha akamwambia Havijawa awamwage samaki wale na kuyaosha matangi.

“Uliwamwaga?” aliuliza sasa, miaka ishirini na mitano baadaye.

Havijawa alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. “Samaki mzima, anakula, anacheza, nimmwage? Kwa kosa gani? Niliwahamishia kwenye mapipa nyuma ya stoo. Nikawatunza mpaka kila mmoja alipokufa kwa siku yake. Niliandika.”

*

Yalikuwa madaftari saba ya shule, yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Havijawa aliandika kwa penseli: pipa, samaki, siku aliyoanguliwa, siku aliyokufa. Samaki mia mbili themanini na wanane. Sikudhani aliyasoma sebuleni kwa Havijawa, ukurasa kwa ukurasa, na mwenye nyumba akiwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mito.

Samaki wale waliotajwa kuwa wazee wakiwa na wiki sita waliishi sawa na wenzao. Wengine waliwazidi kwa mwezi mzima.

Maana yake ilikuwa wazi. Yai lililovumilia kiangazi hutiwa alama nyingi kwenye vinasaba, lakini hizo si alama za mwili uliochakaa. Ni alama za mwili uliojifunza kustahimili kabla haujazaliwa. Mstari wa Kobelo haukujua kutofautisha mambo hayo mawili, kwa sababu waliokuwa na habari hiyo walikuwa wameondolewa. Baadaye watu wengine waliuchukua mstari ule, wakautafsiri kutoka kwa samaki kwenda kwa binadamu, wakaujaribu kwa watu waliojitolea mijini, walioshiba tangu tumboni mwa mama zao, wakaona unafaa. Ndipo kikazaliwa kisomaumri. Na kikapelekwa kwenye madirisha ya hospitali za nchi ambayo mamilioni ya watu wake walizaliwa katika ile miaka ya kiangazi kirefu, 2034 hadi 2041, mama zao walipokuwa wakichemsha mizizi.

Havijawa alizaliwa mwaka 2037.

Watu waliambiwa kwamba mashine haina upendeleo. Ni kweli, haikuwa nao. Ilikuwa na ujinga, na ujinga huo uliwekwa ndani yake na mtu mwenye shahada tatu.

“Nitakwenda Dodoma kesho,” alisema Sikudhani. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi kwanza.

*

Profesa Eliamani Nnko sasa alikuwa mkuu wa Mamlaka ya Vipimo vya Mwili huko Dodoma, iliyosimamia visomaumri vyote. Alikuwa na miaka sabini na mitano, lakini kisomaumri kilimpa hamsini na minane, na alipenda kulitaja jambo hilo. Alizaliwa kwenye nyumba yenye ghala.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, Sikudhani. Keti. Umepungua!”

Hakuketi. Aliweka madaftari mawili juu ya meza na kueleza kila kitu kwa dakika kumi. Profesa alisikiliza bila kuyagusa.

“Kila kipimo kina kasoro zake,” alisema hatimaye. “Kati ya watu mia, kisomaumri kinapatia tisini na wanne.”

“Na wale sita ni akina nani?”

“Ni sita.”

“Hapana, Profesa. Sita wa kubahatisha ningewavumilia. Hawa ni walewale siku zote. Ni watoto wa njaa. Waliadhibiwa tumboni, na sasa tunawaadhibu tena dirishani kwa sababu waliokoka!”

“Punguza sauti.”

“Nimeipunguza kwa miaka ishirini na mitano.”

Profesa aliegemea kiti. “Kumbuka matangi yale yalitolewa kwa saini yako, si yangu. Ukilifungua hili, wa kwanza kuanguka ni wewe. Nchi kumi na moja zinatumia kipimo hiki. Unataka kuwaambia watu wote hao kwamba walihukumiwa kwa samaki waliochaguliwa?”

“Ndiyo.”

“Na yule mtunza matangi wako? Ana muda gani?”

Sikudhani akaketi.

“Ninaweza kutoa kibali maalumu,” alisema Profesa, sauti ikawa laini kama ya mashine yake. “Figo yake itaanza kuoteshwa Jumatatu. Wewe utatia saini kwamba madaftari haya ni mali ya Mamlaka na kwamba hutayazungumzia hadharani. Sisi tutafanya marekebisho polepole, kwa utaratibu. Huu ni uungwana, Sikudhani.”

Alirudi Morogoro kwa treni ya sumaku akiwa na karatasi ile kwenye mkoba, haijatiwa saini. Njia nzima alijiambia kwamba Havijawa ataikataa. Alimjua. Mtu aliyeshindwa kummwaga samaki mmoja hawezi kuuza watu.

Havijawa aliisoma karatasi mara mbili, akaishusha.

“Unataka nikuambie sitaki, sivyo?” alisema. “Unataka niwe mtu mwema, nife vizuri, uende ukanisimulie.”

“Sikusema hivyo.”

“Uso wako umesema. Mimi nataka kuishi, Daktari. Nina mjukuu hata meno hajaota. Tia saini. Nipate figo. Ikishakaa humu ndani na kufanya kazi, uende ukaseme yote.”

“Nitakuwa nimevunja ahadi ya maandishi.”

“Ahadi!” Havijawa aliinuka kwenye kochi, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. “Wamewaandika watu wazima kuwa maiti kwa karatasi yako ya kwanza, ukalala usingizi. Leo karatasi ya pili ndiyo unaiona nzito? Nikishawekewa figo, nani atanipasua aichukue?”

Sikudhani alitia saini. Kabla ya kuyakabidhi madaftari alipiga picha kurasa zote, na Havijawa alibaki na daftari la saba chini ya godoro, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa Mamlaka kwamba yalikuwa saba.

*

Siku arobaini ni nyingi ukiwa unajua jambo na hulisemi.

Kila siku Sikudhani alikwenda hospitali kutazama kitalu. Ndani ya chupa, kwenye maji ya rangi ya chai ya rangi, figo ya Havijawa ilikua kutoka ukubwa wa punje ya mtama, ikawa haragwe, ikawa korosho, ikaanza kuota mishipa. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Lakini ili afike kwenye vitalu ilimbidi apite mbele ya madirisha, na pale madirishani sauti ya upole iliendelea kusema, “Mwili wako una miaka themanini na mmoja. Pumzika vema.” Mwanamume mmoja aliuangalia mkono wake wenye misuli, akaugeuza huku na huku, kana kwamba alikuwa amebadilishiwa. Mwanamke mmoja alicheka kwa aibu na kuwaomba radhi waliokuwa nyuma yake kwa kuwachelewesha.

Muuguzi Sekela alikuwa amekwisha kulijua jina lake. Siku ya ishirini alimwuliza, “Daktari, mashine hii iko sawa kweli? Mimi naona inawakataa watu wa rika moja tu.”

“Andika majina yao,” alijibu Sikudhani. “Wote. Nitakuomba.”

“Kwa nini tusiseme sasa?”

Sikudhani aliangalia upande wa vitalu.

Katika siku zile arobaini, dirisha la tatu peke yake lilikataa watu ishirini na watatu.

*

Havijawa alipandikizwa figo mwishoni mwa Mei. Wiki tatu baadaye, miguu yake ikiwa imerudi kuwa miguu, Dk. Sikudhani Kobelo alisimama mbele ya Baraza la Sayansi na Tiba, katika kikao kilichorushwa nchi nzima.

Hakuleta maneno mengi. Alionyesha mstari wake maarufu. Kisha akairudisha kwenye picha kila nukta aliyoifuta mwaka 2066, moja baada ya nyingine, nukta mia mbili themanini na nane, mpaka mstari ukapotea katikati yake.

“Nilifundishwa kwamba hizi ni kelele,” alisema. “Nilikubali, kwa sababu kukubali kulinipa jina. Kumbe hizi ndizo zilizokuwa sauti. Mwenye akili alikuwa ni mtunza matangi, aliyeona kwamba kiumbe hai hatupwi kwa kuharibu mchoro wa mtu. Mimi niliwafuta samaki. Ninyi mmewafuta watu. Na mtu hafutiki bila kuacha mke, au mume, au watoto wa kuuliza!”

Profesa Eliamani Nnko alisimama, shingo imemtoka mishipa. “Huyu mwanamke alitia saini kwangu kwamba hatazungumza! Nina karatasi!”

Mwenyekiti wa Baraza aligeuka taratibu. “Alitia saini ya nini, Profesa? Ulikuwa unalijua jambo hili?”

Profesa aliketi.

“Nilitia saini kwako mara mbili,” alisema Sikudhani. “Ninayoijutia ni ile ya kwanza.”

Ingekuwa vema kusema kwamba haki ilitendeka siku ileile. Haikuwa hivyo. Baraza liliunda kamati, kamati ikaomba muda, na kwa miezi mitatu mingine visomaumri viliendelea kulambwa. Vilipoondolewa madirishani, mwezi wa tisa, hesabu ilikuwa imekamilika: katika miaka tisa, watu elfu arobaini na nne, mia tatu na kumi na wawili waliozaliwa miaka ya kiangazi walikataliwa tiba. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa. Profesa Eliamani alihamishiwa ofisi nyingine, yenye madirisha makubwa zaidi. Sikudhani alipokea barua ya kustaafishwa kwa kuvunja siri ya kazi, na taasisi ikaubadilisha jina mstari wake. Sekela alisema huo ni uonevu. Sikudhani akasema jina hilo waliondoe tu, lilikwisha kuua vya kutosha.

Kisha alimwomba Sekela ile orodha.

“Ya nchi nzima?”

“Hiyo nitaifikia. Nipe kwanza wale ishirini na watatu.”

Havijawa alitaka kwenda naye. Sikudhani alikataa. “Zile siku arobaini nilizinunua mimi,” alisema.

“Tulizinunua wote,” alijibu Havijawa. “Mimi ndiye ninayetembea nazo humu tumboni. Leo nenda peke yako. Kesho tunakwenda wawili.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kihonda. Bwana Shomari Kunambi alikuwa barazani, anapiga pasi sketi ya shule ya binti yake. Alimkaribisha mgeni kiti na kuendelea na kazi, maana pasi ilikuwa ya moto. Sikudhani alisema jina lake lote. Akasema kwamba amekuja kwa ajili ya marehemu Mwajabu, aliyekataliwa figo dirisha la tatu tarehe kumi na tisa Mei.

“Aliaga dunia Agosti,” alisema Bwana Shomari. “Walimwambia mwili wake una miaka themanini na mitatu. Alikuwa na hamsini na mmoja. Unajua alifanya nini? Aliwaita watoto, akawaomba radhi. Akasema, nisameheni, sijui niliutumiaje mwili wangu hata ukazeeka mapema hivi. Alikufa anaona haya.”

“Mwili wake haukuwa umezeeka,” alisema Sikudhani. “Mashine ilikosea. Ilikosea kwa sababu yangu.”

Alimweleza kwa maneno mepesi: samaki, tope, saini. Bwana Shomari aliisimamisha pasi wima kando ya sketi.

“Tarehe kumi na tisa Mei,” alisema. “Siku hiyo ulikuwa umekwisha kujua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ulikuwepo pale?”

“Nilikuwepo. Nilipita nyuma yake.”

Bwana Shomari hakumtukana, wala hakumwambia aondoke. Alichomoa pasi kwenye umeme, akafungua mlango wa nyumba, akaita majina matatu. Walitoka watoto watatu, mkubwa akiwa msichana wa kidato cha nne, wakasimama kando ya baba yao.

“Rudia,” alisema Bwana Shomari. “Anza pale uliposema mama yao hakuwa amezeeka. Sema polepole, wasikie.”

Sikudhani alisimama, akaanza upya.